Destroya za Italia hazikuifunga Bahari ya Shamu, wala haziifungui

Tangu Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, walipozamisha meli mbili za mizigo, Magic Seas na Eternity C, ndani ya wiki moja Julai 2025, mazungumzo kuhusu Bahari ya Shamu yamegeuka kesi, na aliyewekwa kizimbani ni manowari ya Ulaya. Zile meli za kivita zilizonunuliwa kwa mamilioni ya yuro zilikuwa wapi? Caio Duilio ya Italia, destroya iliyosifiwa mwaka 2024 kwa kudungua droni, ilisaidia nini ikiwa mwaka uliofuata meli bado zinazama na mabaharia wanakufa? Wapo wanaochimba zaidi na kuileta historia mezani. Mwaka 1940, wanasema, Mussolini alikuwa na destroya saba katika bandari ya Massawa, Eritrea, ufukweni mwa bahari hiyohiyo, akashindwa kuifunga. Leo wapiganaji walioshuka kutoka milima ya Yemen wameifunga bila kumiliki hata moja. Basi destroya imepitwa na wakati, na Waitalia hawakujua kuitumia tangu enzi hizo.

Hoja hiyo inavutia kwa sababu nusu yake ni kweli. Ni kweli kwamba destroya za Massawa zilishindwa, na ni kweli kwamba Wahouthi walifanikiwa kuzifukuza meli nyingi za biashara kutoka njia ya Suez. Kosa liko kwenye kiungo kinachounganisha mambo hayo mawili. Ninachodai ni kwamba bahari ile haikuachwa wazi mwaka 1940 kwa ushujaa wa mizinga ya Waingereza, wala haikufungika mwaka 2024 kwa udhaifu wa mizinga ya Waitalia. Tofauti kubwa kuliko zote ni nani aliyekuwa amebeba hasara. Katika vita vya pili vya dunia, meli iliyopita pale ilitumwa na serikali, na ikizama ilikuwa hasara ya serikali. Leo inatumwa na mfanyabiashara, naye kabla ya kumuuliza amiri jeshi yeyote anamuuliza wakala wake wa bima. Historia ya destroya moja ya Italia, Francesco Nullo, inalionyesha jambo hili vizuri kuliko takwimu za droni.

Francesco Nullo iliundwa Fiume, mji ambao sasa ni Rijeka nchini Croatia, ikashushwa majini mwaka 1925. Ilikuwa mojawapo ya destroya nne za aina ya Sauro, zote zikiitwa majina ya wazalendo wa Kiitalia. Nullo mwenyewe alikuwa askari wa Garibaldi, mpigania umoja wa Italia, aliyekwenda kuwapigania Wapolandi dhidi ya Urusi na kuuawa huko mwaka 1863. Kwa vipimo vya leo ilikuwa meli ndogo: urefu wa mita 90 hivi, uzito uliozidi kidogo tani 1,000, mizinga minne ya milimita 120 na mirija sita ya kurushia torpedo. Italia ilipoingia vitani Juni 10, 1940, Nullo ilikuwa Massawa pamoja na ndugu zake watatu, Nazario Sauro, Cesare Battisti na Daniele Manin, na destroya nyingine tatu kubwa na kongwe zaidi: Leone, Pantera na Tigre. Palikuwa pia na nyambizi nane. Kwenye ramani, Uingereza ilikuwa imebanwa. Bahari ya Mediterania haikufaa tena kwa misafara ya kawaida, kwa hiyo askari, vifaru na mafuta ya jeshi lake la Misri vilipaswa kuzunguka Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema, kisha kupanda kaskazini na kuingia Bahari ya Shamu kupitia Bab el-Mandeb, mbele ya pua ya Waitalia. Agosti 1940 Italia iliiteka pia Somalia ya Kiingereza, na pwani yake ikarefuka zaidi. Msomaji wa leo atakuwa ameshaiona kinaya: meli zetu zinazunguka Rasi ili ziikwepe Bahari ya Shamu, na za wakati ule ziliizunguka ili ziifikie.

Ramani haikusema mambo yote. Massawa ilikuwa gereza lenye gati. Mfereji wa Suez ulikuwa mikononi mwa adui, kwa hiyo tangu siku ya kwanza hakuna tone la mafuta, jembe la rafadha wala mkanda wa risasi uliotarajiwa kufika kutoka Italia. Kilichokuwa ghalani ndicho kilichokuwepo, na kila safari ilikuwa inakula sehemu ya akiba isiyorudishwa. Joto la Massawa, ambalo hata wenyeji hulikimbia kwenda Asmara, liliwatesa mabaharia ndani ya meli za chuma zilizokwisha kuchakaa. Nyambizi ndizo zilizolipa kwanza. Macallé ilikwama kwenye miamba baada ya mabaharia wake kuleweshwa na gesi iliyovuja kutoka mitambo ya kupoza hewa. Galileo Galilei ilitekwa ikiwa hai Juni 19, siku chache tu baada ya kuzamisha meli ya mafuta ya Norway. Kabla mwezi wa kwanza wa vita haujaisha, nusu ya nyambizi nane zilikuwa zimepotea. Kamanda yeyote mwenye akili angeanza kuhesabu.

Usiku wa kuamkia Oktoba 21, 1940, Nullo, Sauro, Pantera na Leone zilitoka kuushambulia msafara uliopewa namba BN 7: meli 32 za mizigo zikielekea kaskazini, zikisindikizwa na kruza Leander ya kikosi cha New Zealand, destroya Kimberley ya Uingereza, Yarra ya Australia, Indus ya India na manowari nyingine ndogo. Mapambano ya gizani yakawa fujo tupu. Waitalia walirusha torpedo zisizopata kitu, wakarushiana mizinga na wasindikizaji, kisha wakaanza kurudi. Usukani wa Nullo ulikwama, ikapoteza muda na kutengana na wenzake. Kulipopambazuka Kimberley ikaikuta karibu na kisiwa cha Harmil, mbele ya Massawa, ikaipiga mpaka ikawa haiwezi kwenda. Lakini kwenye kisiwa hicho palikuwa na mizinga ya pwani ya Waitalia, nayo ikaipata Kimberley kwenye mitambo yake. Destroya iliyokuwa mshindi ikasimama katikati ya maji bila nguvu, hadi Leander ilipofika kuivuta kuelekea Port Sudan. Ndege za Uingereza zikamalizia mabaki ya Nullo. Katika msafara mzima wa meli 32, haikuzama hata moja.

Hapa ndipo hoja ya kwanza ya wakosoaji inapozaliwa, ile dhaifu kuliko zote: kwamba Waitalia walikuwa waoga, na uoga huo unaeleza kila kitu tangu Massawa hadi leo. Dhihaka hii ilisambazwa na propaganda ya Uingereza wakati wa vita na haijafa. Mambo yaliyotokea hayaikubali. Nahodha wa Nullo, Costantino Borsini, aliamuru watu wake waiache meli, yeye akabaki. Mhudumu wake, baharia Vincenzo Ciaravolo, alikuwa tayari ameshaingia majini alipoona nahodha hajashuka. Akarudi melini, na wote wawili wakazama nayo. Kila mmoja alipewa nishani ya dhahabu ya ushujaa, ya juu kabisa ya Italia, na jina la Borsini linabebwa na meli ya doria ya jeshi la maji la Italia hadi sasa. Tena miezi sita baadaye, Eritrea ilipokuwa inaanguka, destroya zilizobaki zilitumwa safari ambayo kila aliyekuwemo alijua haina marejeo. Leone ilipanda mwamba na kupotea kabla haijafika popote. Battisti iliharibika njiani, ikazamishwa na watu wake. Nne nyingine zilielekea Port Sudan bila ndege hata moja ya kuzilinda. Aprili 3, 1941, ndege za Swordfish zilizokuwa zimeshushwa nchi kavu kutoka Eagle, manowari ya Uingereza ya kubebea ndege, zikazizamisha Sauro na Manin, na Pantera na Tigre zikaishia pwani ya Uarabuni. Massawa ikatekwa Aprili 8. Unaweza kuwalaumu makamanda wa Roma kwa mengi, hasa kwa kuzituma meli hizo zikiwa zimebaki chache badala ya kuzitumia zikiwa nyingi, lakini mabaharia wale hawakuwa waoga.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, na sitaki kuipita haraka. Inasema kwamba pwani huishinda meli. Ushahidi wake umo katika kisa hichohicho cha Harmil: destroya nne zilizokesha baharini hazikuzamisha hata meli moja ya msafara, na mizinga michache iliyosimama juu ya kisiwa ikaitia kilema manowari ya adui asubuhi moja. Mzinga wa pwani hauhitaji mafuta wala hauna usukani wa kukwama, na hakuna atakayeuzamisha. Wahouthi wamelichukua wazo hilo na kulirefusha mikono: badala ya mzinga unaofika kilomita chache, wana makombora yanayofika mamia ya kilomita, droni, na mashua zinazojiendesha zikiwa na baruti. Anayesema kwamba hili limebadilisha vita vya baharini katika njia nyembamba anasema kweli. Bab el-Mandeb kwenye wembamba wake haifiki kilomita 30. Kuilinda meli ya kontena hapo kwa kutumia destroya ni kazi ngumu mara nyingi zaidi ya aliyokuwa nayo Leander.

Hata hivyo hoja hiyo haifiki inakotaka kufika. Tazama alichofanya Duilio. Destroya hii ilishushwa majini mwaka 2007 huko Riva Trigoso, karibu na Genova; ina urefu wa mita 150 na ushee, uzito wa tani 7,000 hivi, visima 48 vya kurushia makombora ya Aster ya kujikinga na mashambulizi ya angani na mizinga mitatu ya milimita 76. Ilipofika Bahari ya Shamu mapema mwaka 2024 ikawa kituo cha amri ya baharini cha operesheni ya Umoja wa Ulaya iitwayo Aspides, iliyozinduliwa Februari 19 mwaka huo na yenye makao makuu Larissa, Ugiriki. Machi 2 ilidungua droni iliyokuwa ikiielekea, umbali wa kilomita sita hivi. Machi 12 ikadungua nyingine mbili. Kilicholetwa na vyombo vya habari kama muujiza kilikuwa kazi ya kawaida ya meli iliyojengwa kwa ajili hiyo, na sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na mzinga, ambao risasi yake ni rahisi mno ukilinganisha na kombora la Aster linalozidi yuro milioni moja. Kwa hiyo hata ile hesabu maarufu ya droni ya bei poa dhidi ya kombora la bei mbaya siyo ya kudumu; inategemea nahodha ana muda na ujasiri wa kusubiri droni isogee. Meli ambazo Aspides ilizisindikiza kwa ukaribu, na zimekuwa mamia, zilipita. Magic Seas na Eternity C hazikuwa zikisindikizwa nayo.

Sasa linganisha tarehe. Siku ileile ya Machi 2, 2024, Duilio ilipodungua droni yake ya kwanza, meli ya Rubymar ilikuwa inazama polepole na shehena ya tani 21,000 hivi za mbolea, baada ya kupigwa wiki mbili nyuma. Ilipoachwa na watu wake iliburuta nanga, na nyaya za mawasiliano chini ya bahari zikakatika, ukiwemo mfumo wa Seacom unaotumiwa na Afrika Mashariki. Siku nne baadaye mabaharia watatu wakauawa kwenye meli nyingine ya mizigo, True Confidence. Kwa jumla, katika miaka miwili tangu meli ya Galaxy Leader ilipotekwa nao Novemba 2023, Wahouthi walizamisha meli nne. Nne, kati ya maelfu yaliyopita. Kwa kipimo cha vita vya mwaka 1940 idadi hiyo ingeandikwa kwenye mstari mmoja wa taarifa ya wiki. Lakini safari za Suez zilipungua kwa karibu nusu, na mapato ya mfereji yakashuka kutoka dola bilioni 10 na ushee mwaka 2023 hadi bilioni 4 hivi mwaka 2024. Meli nne haziwezi kuleta hasara ya ukubwa huo kwa kuzama peke yake. Kilicholeta ni maamuzi ya watu waliokuwa mbali na bahari hiyo: Copenhagen, Geneva na Hamburg, zilipo kampuni kubwa za meli, na zaidi ya wote, London, lilipo soko la bima.

Mwaka 1940 maamuzi hayo hayakuwepo. Uingereza ilikuwa imeunda Wizara ya Meli mwaka 1939, na meli zake za biashara zikawekwa chini ya amri ya serikali moja baada ya nyingine. Serikali ilizipangia safari, ikawalipa wenye meli kodi ya kuzitumia, ikabeba hatari ya vita kwa mfuko wake. Mwenye meli hakuulizwa kama anaona ni salama. Baharia aliulizwa, kwa namna fulani, lakini vita vilikuwa vita. Kwa utaratibu huo msafara wa BN 7 ungeweza kupoteza meli tatu usiku ule na msafara uliofuata ungeondoka Aden vilevile. Ndiyo maana nasema destroya za Massawa zisingeifunga njia ile hata kama zingepiga shabaha vizuri zaidi. Zingeipandisha gharama tu, na mlipaji alikuwa dola iliyokwisha kuamua kulipa chochote.

Tena kuna ushahidi wa upande wa pili, nao ndio unaonishawishi kuliko wote. Palikuwa na kundi moja la meli ambalo kikosi cha Massawa kilifanikiwa kulizuia kwa miezi kumi bila kulirushia hata risasi: meli za Marekani. Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani, na sheria yake ya kutofungamana ilikataza meli zake kuingia maeneo ya mapigano. Mradi destroya na nyambizi za Italia zilikuwepo Massawa, ziwe na mafuta au zisiwe nayo, Bahari ya Shamu ilikuwa eneo la mapigano. Massawa ilianguka Aprili 8, 1941. Aprili 11 Rais Roosevelt akatangaza kwamba eneo lile si la mapigano tena, na njia ya shehena za Marekani kwenda Suez ikawa wazi. Siku tatu! Kwa hiyo kikosi kilekile, katika bahari ileile, kilikuwa si kitu mbele ya aliyekuwa tayari kubeba hasara, na kilikuwa ukuta mbele ya asiyekuwa tayari. Nullo iliyozama Harmil ilikuwa sehemu ya ukuta huo siku zote ilizokaa gatini ikisubiri amri. Wanaosema kikosi cha Massawa hakikufanya lolote wanahesabu meli zilizozama, wakisahau zile ambazo hazikwenda kabisa.

Ukilikubali hilo, Wahouthi wanaacha kuwa fumbo. Wao hawakuigundua siri ya kuishinda destroya. Walimgundua mteja mwoga, yaani soko. Desemba 18, 2023 kamati ya soko la bima ya London inayoshughulikia hatari za vita iliusogeza mpaka wa eneo la hatari katika Bahari ya Shamu kutoka nyuzi 15 za latitudo kaskazini hadi nyuzi 18. Kwa kalamu hiyo, ada ya kupita mara moja ilipanda hadi kukaribia asilimia 1 ya thamani ya meli. Kwa meli ya dola milioni 100 hiyo ni dola milioni moja kwa safari moja, kabla hujalipa mafuta, posho ya hatari ya mabaharia na walinzi. Kuzunguka Rasi kunaongeza siku kumi hadi wiki mbili, lakini siku hizo zina bei inayojulikana, na mfanyabiashara hupenda hasara anayoijua. Duilio ingeweza kudungua droni mia. Isingelihamisha hesabu hiyo kwa kiasi kikubwa, kwa sababu mtoa bima haulizi ngapi zimedunguliwa. Anauliza kama ipo itakayopenya.

Wapo wanaojibu kwamba tumeshawahi kufanikiwa, na wanatoa mfano wa maharamia wa Somalia. Operesheni ya Ulaya ya Atalanta ilianza Desemba 2008, manowari za Italia zikiwemo, na baada ya miaka michache utekaji ukapungua sana. Sawa, lakini haramia ni mfanyabiashara kama mwenye meli. Anataka fidia, ukimpandishia gharama kwa manowari, walinzi wenye silaha na seng'enge za pembeni mwa meli, anaacha. Mhouthi hauzi kitu. Anachotafuta ni kuonekana na kuogopwa, na manowari iliyodungua droni zake tisa bado imempa habari moja ya jioni. Wengine wanajibu kinyume: Ulaya ilikosea kujifunga mikono kwa amri ya kujilinda tu, ingeshambulia nchi kavu kama Marekani na Uingereza walivyofanya kuanzia Januari 12, 2024. Nao wamejibiwa na matukio. Marekani ilipiga Yemen kwa wiki saba mfululizo mwaka 2025, ikamalizia kwa makubaliano ya Mei 6 yaliyosuluhishwa na Oman, na miezi miwili baadaye Magic Seas na Eternity C zikazama. Hata Wahouthi wenyewe walipotulia baada ya makubaliano ya Oktoba 2025 ya kusitisha vita vya Gaza, vita walivyovitaja kuwa sababu ya mashambulizi yao, kampuni kubwa za kontena hazikurudi Suez kesho yake. Zilisubiri, zikajaribu meli moja moja.

Je, basi Duilio na wenzake warudi nyumbani? Hapana, na hapa naachana na wale wanaofurahia kila habari ya manowari ya Ulaya kuaibika. Destroya inalinda kitu ambacho bima hailindi, nacho ni watu. Mabaharia wa Kifilipino na Kihindi wanaofanya kazi kwenye meli hizi hawakuandika sera ya Gaza wala hawakuchora mpaka wa nyuzi 18. Sounion, meli ya mafuta ya Ugiriki iliyochomwa Agosti 2024 ikiwa na mapipa milioni moja ya mafuta ghafi, ilivutwa hadi mahali salama chini ya ulinzi wa Aspides. Ingepasuka, wavuvi wa Eritrea, Yemen na Djibouti wangekula hasara kwa kizazi kizima. Hiyo ni kazi halali ya manowari. Tatizo ni kwamba Ulaya iliipa kazi hiyo meli mbili au tatu kwa wakati mmoja, katika eneo linaloanzia Bahari ya Shamu hadi Ghuba ya Uajemi, kisha ikatangaza kwamba inarejesha uhuru wa kusafiri baharini. Meli mbili haziwezi kurejesha uhuru wa namna hiyo. Kama Ulaya ingetaka hasa kuijaza tena njia ya Suez, ingefanya kile Uingereza ilichofanya mwaka 1939: serikali zingebeba hatari ya vita zenyewe, kwa fedha za walipakodi, na ada ya London ingebaki karatasi. Hakuna serikali ya Ulaya iliyolitaka hilo, na sidhani kama ilikosea. Rasi ipo, na wapigakura hawajui bei ya kontena.

Huku kwetu hesabu ni nyingine, kwa sababu Rasi haitusaidii. Gari la mtumba kutoka Japani halipiti Bab el-Mandeb, kwa hiyo wengi wetu hatukuuona mgogoro huu mtaani. Lakini parachichi la Murang'a au Njombe linalokwenda Rotterdam kwa meli lilikuwa linapita Suez, na wiki mbili za ziada kwa tunda ni jambo la kufa na kupona. Chai ya Kenya inayonunuliwa Misri haina njia nyingine ya baharini ya maana. Wanaobeba shehena hizi ni kampuni za kigeni, na uamuzi wa kupita au kutopita hauletwi Mombasa wala Dar es Salaam kuombewa ridhaa. Mwaka 1941 askari wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, walitoka Kenya wakapigana hadi Mogadishu na Addis Ababa, na ushindi wao ulikuwa sehemu ya kampeni iliyoimaliza Massawa; ulinzi wa njia hii umewahi kulipiwa kwa damu ya huku. Kwenye meza ya bima, huku hakuna kiti.

Kenya ilianza kusimamia kwa nguvu mwaka 2017 sharti la kukatia bima ya ndani shehena zinazoingizwa nchini, na Tanzania ikafuata mwaka 2018. Lengo lilikuwa zuri: ada zibaki nyumbani. Lakini bima ya kawaida ya shehena haigusi vita; kipengele cha vita hununuliwa peke yake, na kampuni zetu hukipeleka kwa watoa bima wakubwa wa nje, ambao nao wanaitazama orodha ileile ya London ya maeneo ya hatari. Kwa hiyo sheria imembakisha mteja hapa na hatari ikarudi kulekule. Kama wizara za fedha za Nairobi na Dodoma zinatafuta somo katika kisa cha Francesco Nullo na Caio Duilio, lianzie hapo: mfuko wa pamoja wa kanda wa hatari za vita kwa mazao yanayooza, hata mdogo, utamsaidia mkulima wa Njombe kuliko tamko lolote la kuunga mkono au kupinga operesheni ya Ulaya. Na msafirishaji anayeshangilia au kulaani kila droni inayodunguliwa na Waitalia aanze kwa kuifungua bima yake ya mwaka huu, asome ukurasa wa mambo yasiyolipwa.